Beti za Mwenyeji

Maji yakimwagika huzoleka. Aliyesema hayazoleki hakuwahi kuamka mapema katika bonde la Nyalong, akaona jinsi mto unavyojimwaga usiku kucha juu ya mawe, na kukipambazuka ukanyanyuka wenyewe kuwa ukungu, ukapanda mashamba ya mpunga ngazi kwa ngazi, ukapita juu ya mapaa ya nyumba na kuingia mlimani ulikotoka. Kesho yake yanashuka tena, maji yale yale.

Kule uwandani alikoolewa Liangmei, wakwe zake walikuwa na msemo wao: binti aliyeolewa ni maji yaliyomwagwa nje ya mlango. Walimwambia hivyo mara ya kwanza alipoomba kwenda kumwona mama yake. Liangmei aliinamisha kichwa, akaomba radhi kwa kuuliza, akarudi jikoni. Lakini alipokuwa akiosha mchele alijiuliza: hawa watu wamewahi kuona mto?

Sasa, miaka kumi na moja baadaye, alikuwa ameketi katikati ya mtumbwi, kikapu kimoja magotini, na ukungu ulikuwa mzito hata hakuona ncha ya mbele. Alisikia tu upondo ukigonga mawe ya chini na pumzi za Mjomba Ngan aliyesimama nyuma yake akiusukuma mtumbwi kupandisha mto.

"Umekonda," alisema Mjomba Ngan.

"Mjomba, hata hujaniangalia."

"Mtumbwi umeniambia. Ulipoondoka ulikaa hapo hapo, ukauzamisha vidole vinne. Leo viwili tu."

"Siku ile nilikuwa na mizigo."

"Mizigo ipi? Uliondoka na mwavuli. Tena mwavuli wenyewe ulikuwa wangu."

Liangmei alicheka, na kicheko chake kikaenda kugonga jabali upande wa pili kikarudi kikiwa cha msichana mdogo. Wote wawili wakakisikiliza.

"Unakuja kwa siku ngapi?" aliuliza mzee.

"Sikuja kwa siku, Mjomba."

Upondo ulisimama. Mtumbwi ukarudi nyuma kidogo, kama ng'ombe aliyeshtuka, kisha ukasukumwa tena. Mjomba Ngan hakuuliza kuhusu mume. Bonde zima lilijua kwamba Liangmei hakubahatika kupata mtoto, kwa sababu mpaka leo aliitwa Liangmei. Huko Nyalong, mwanamke akizaa, jina lake la usichana huwekwa kando, akawa Mama Fulani. Akipata wajukuu akawa Bibi Fulani. Yeye alikuwa na miaka thelathini na minne, na alikuwa bado anaitwa kama alivyoitwa alipokuwa akichunga bata.

Walipofika kwenye kona ya mto, ukungu ulijipasua, na kwenye upenyo huo ikatokea miberoshi arobaini.

Ilikuwa imesimama mteremkoni, mirefu na iliyonyooka, na matone yakidondoka kwenye majani yake bila haraka. Baba yake aliipanda wiki aliyozaliwa, kama kila baba wa Nyalong apandavyo anapopata binti, ili siku binti akiolewa ikatwe iwe kasha, kitanda na nguzo za nyumba. Ya Liangmei haikukatwa. Wakwe walisema mbao za mlimani zina wadudu, wao watanunua kabati dukani. Baba akafa, miti ikaendelea kukua. Usiku mwingi kule uwandani alilala akiihesabu mpaka usingizi ukamchukua, na katika ndoto ilikuwa imekwisha kuwa nyumba: ngazi ya mbao, roshani juu ya mto, na yeye roshani akianika nguo ya nili.

"Ile pete nyeupe kwenye mashina ni nini?"

"Chokaa."

"Naona ni chokaa. Ya nani?"

"Ya wifi yako. Mwanawe Ding anaoa mwakani, anajengewa nyumba. Sikukuu ikiisha watakata." Mzee alivuta upondo, akauacha uchuruzike maji. "Usininunie mimi. Mimi kazi yangu ni kuvusha watu."

"Ni miti yangu."

"Ni miti ya mtu wa Nyalong," alisema Mjomba Ngan, kwa upole ule ule ambao angesema mvua inakuja. "Mgeni hana mti, Liangmei. Hilo nililisikia kwa baba yako, wala hakulisema kwa ubaya."

Alimshusha kwenye mawe. Akakataa nauli, akadai mwavuli wake. Liangmei akamwambia uliliwa na panya, naye akasema panya wa uwandani wana njaa kweli, akageuza mtumbwi na kumezwa na ukungu.

Njia ilipanda kati ya mashamba. Mpunga ulikuwa umeanza kuwa dhahabu, na chini yake, kwenye maji yaliyotulia, samaki wa shambani walikuwa wakiogelea juu ya mawingu. Alipita polepole. Jiwe la tatu lilikuwa bado linacheza likikanyagwa. Bomba la mwanzi lilikuwa bado linamwaga maji kwenye birika lenye kuvu, na alipoinama kunywa, uso uliomtazama kutoka majini ulikuwa wa mtoto, kisha wa mwanamke, kisha maji yakatikisika ikawa hakuna. Harufu ya mchele unaonata ukipikwa kwa mvuke ilimfikia kabla hajaona nyumba. Halafu nyundo za mbao zikaanza, du, du, du, wanawake wakitwanga nguo ya nili mpaka ing'ae, na hakuweza kujua kama sauti ile ilitoka juu mlimani au ndani ya kifua chake. Kwa kila ngazi aliyopanda alihisi mwaka mmoja unamvuka na kushuka zake mtoni.

Hivyo ndivyo alivyofika langoni, nusu macho na nusu ndotoni, akakuta lango limezibwa.

Haikuwa kwa ajili yake. Ilikuwa siku ya kupokea wageni kutoka Baxo, kijiji cha nyuma ya mlima, na Nyalong haimpokei mgeni kwa mlango wazi. Wasichana huziba lango kwa vitu vya nyumbani: mafagio, benchi, gurudumu la kusokotea uzi, kamba iliyotundikwa vitambaa, na mbele ya vyote kapu la kuku anayeatamia. Wenyeji huimba beti ya kumkataza mgeni; mgeni hujibu kwa beti ya kuomba; kila jibu likifaa, kitu kimoja kinaondolewa. Kikiisha cha mwisho, mgeni anaingia akiwa mgeni halali. Analishwa wa kwanza, analala kitanda kizuri, haoshi hata bakuli. Wengine husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyalong siku ya tatu mgeni hupewa samaki wa kuchacha aliyefungwa kwenye jani, akasindikizwa mpaka mtoni na kupungiwa mkono.

Wasichana kumi na wawili wenye mikufu ya fedha walimtazama.

"Huyu ndiye Baxo nzima?" mmoja alinong'ona.

"Nyamaza. Ni shangazi yake Ding. Yule wa kwenye picha."

Katikati yao alisimama Mama Ding, mke wa kaka yake, kilemba kikiwa kimekazwa vizuri. Nyuma yake alikuwa kaka mwenyewe, Baba Ding, amekumbatia mguu wa benchi na kutazama chini, akijifanya naye ni benchi.

"Wifi," alisema Mama Ding.

"Wifi."

"Hukuleta habari."

"Nilipiga simu mara tatu."

"Huku simu inategemea upepo."

"Basi leo upepo umenileta mwenyewe."

Wasichana walicheka, wakaacha walipomwona Mama Ding hacheki. "Karibu sana," alisema. "Kitanda kipo, na pombe imeiva. Lakini umekuta lango limezibwa, na lango likizibwa halifunguki ila kwa wimbo. Wewe ni mtoto wa mwalimu wa nyimbo, sina haja ya kukufundisha."

Akainua kidole. Wasichana wakavuta pumzi pamoja, na wimbo ukatoka, sauti moja nyembamba juu na nyingine zote chini yake kama mto chini ya ndege:

*Leo kijiji ni mwiko, kuku wetu atamia,*
*Rudi huko utokako, njia tumeizuia.*

Liangmei alikuwa ameusikia wimbo huo tangu akiwa tumboni. Mdomo ukafunguka wenyewe, akajibu kama mgeni anavyojibu, na sauti yake ikaelea juu ya kapu la kuku:

*Kuku wenu asituke, siligusi lake yai,*
*Ufagio uondoke, nipite...*

Hapo akakwama.

Maneno mawili yalibaki. Japo sifai. Kila mgeni huyaimba akitabasamu, ni adabu tu, hakuna anayeyafikiria. Lakini Liangmei alikuwa ameyasema miaka kumi na moja bila wimbo. Aliyasema wali ulipoiva kupita kiasi, lafudhi yake ilipochekwa mezani, mwezi ulipoandama bila mimba. Aliamka nayo na kulala nayo. Na sasa aliona wazi, kama mtu aonavyo jiwe chini ya maji yaliyotulia, kwamba akiyamalizia, kuku angeondolewa, na ufagio, na benchi. Angepewa paja la bata na mto laini. Na siku ya tatu angekuwa kwenye mtumbwi wa Mjomba Ngan akishuka, samaki mkononi, huku nyuma yake mashoka yakilia kwenye kona ya mto.

"Umesahau?" aliuliza Mama Ding, karibu kwa huruma. "Tukusaidie?"

"Sijasahau."

Akaweka kikapu chini. Akanyoosha mgongo. Na kutoka nje ya lango, mahali ambapo hakuna mtu wa Nyalong aliyewahi kusimama akaimba hivyo, akaimba beti ya tatu ya wenyeji, ile inayotolewa kwa mgeni mkaidi:

*Huna mti huna shina, bondeni kwetu u nani?*
*Wenye mti wana jina, wewe jina lako gani?*

Nyundo za nguo ziliacha. Hata kuku alitoa kichwa kapuni.

Kuimba beti ya mwenyeji ukiwa nje ni kusema kwamba walio ndani ndio wageni. Na Mama Ding alikuwa ametoka Baxo. Alizaliwa nyuma ya mlima. Miberoshi yake ilikatwa huko, akaja Nyalong na kasha lake. Nusu ya wanawake waliokuwa langoni walikuja vivyo hivyo. Wekundu ulimpanda Mama Ding kutoka shingoni, na mkono wake ukashika ufagio, si kwa kuuondoa.

Ndipo sauti kavu ikatoka nyuma ya gurudumu la uzi.

"Umevuta pumzi mahali pabaya."

Wasichana walipisha. Kwenye kigoda, bakuli la chai ya mafuta mapajani, aliketi Bibi Ding, mama yao Liangmei na kaka yake, mwalimu wa nyimbo wa kila msichana pale. Alikuwa amekuwa mdogo, kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Hakumtazama binti yake usoni. Alimtazama kooni.

"Mama," alisema Liangmei.

"Unavuta pumzi baada ya 'shina'. Wewe umevuta kabla. Unaikata 'huna shina' vipande viwili kama figili. Ndivyo nilivyokufundisha?"

"Hapana, Mama."

"Rudia."

Pumzi ya watu wote iligeuka. Kwa maana kuna jambo ambalo kila mtu wa Nyalong hulijua bila kuambiwa: mgeni hasahihishwi. Mgeni akiimba ovyo kama chura, husifiwa, akaongezewa pombe. Anayesahihishwa ni mtoto wa nyumba.

Liangmei alirudia. Aliishika pumzi mpaka baada ya "shina", na ilipotoka, ilikuwa ndefu, ikapita juu ya mapaa, ukungu ukaipokea na kuipandisha.

"Hm," alisema Bibi Ding. "Ingia ndani. Hapo ulipo upepo unakula sauti."

Akanyanyuka, akaliinua kapu la kuku mwenyewe, kuku akilalamika. Baba Ding, bila kuambiwa na mtu, akaivuta benchi yake pembeni. Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya maana siku hiyo, na mkewe alimwangalia kwa jicho ambalo angelikumbuka. Liangmei akapita. Hakuna kilichoimbiwa; vilitolewa tu.

"Haijaisha," alisema Mama Ding.

Haikuwa imeisha. Mzee Ngau, mtunza kanuni za kijiji, alikuwa anakuja mbio kutoka mnara wa ngoma, kofia mkononi, na mbele yake harufu ya pombe aliyokuwa akiionja kwa niaba ya wageni. Nao wageni hawakuwa mbali: kutoka bondeni filimbi kubwa za mianzi zilikuwa zimeanza kusikika, zikivuma ndani ya ukungu kama nyuki wenye ndoto.

"Nimesikia yote," alisema akihema. "Masikio yangu mazuri kuliko magoti. Liangmei, binti yangu, karibu nyumbani. Bibi Ding amekusahihisha, basi wewe ni wa ndani, mimi silipingi hilo. Lakini wa ndani haimbii kijiji chake akiwa nje. Kanuni inajulikana: fataki moja, pombe imwagwe mara tatu chini, na neno 'nimekosa'. Fataki ninazo. Pombe..." alijinusa, "ninayo pia. Wewe leta neno tu."

"Afadhali tulimalize," mmoja wa wasichana alisema. "Wameshafika kwenye bomba la maji."

Mama Ding alikuwa ameshusha ufagio. Alipozungumza, sauti yake haikuwa ya ugomvi tena, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Nilikuja hapa kwa miguu yangu, wifi. Nikazaa hapa. Baba yako alipougua nilimgeuza kitandani mimi. Mama yako namkatia kucha mimi, maana mkono wake unatetemeka. Miaka kumi na moja tangu uondoke. Na kaka zangu wako hapo kwenye ngazi wanapanda, na wewe unasimama mbele ya wasichana wangu kuniuliza jina langu ni gani."

Liangmei alitazama mikono ya mama yake. Kucha zilikuwa zimekatwa vizuri, zote kumi, mviringo. Kwa muda ukungu, filimbi na nyuso zile zote zikawa mbali, kama anaziangalia kutoka chini ya maji. Ingekuwa rahisi. Neno moja, jepesi kama yale mengine yote. Aliijua ladha yake kuliko ya chumvi.

"Ni kweli," alisema. "Kila ulichosema ni kweli, na nitakushukuru leo, na kesho, mpaka siku utakaponiambia nyamaza. Kucha za Mama kuanzia sasa tutagawana, mkono mmoja wako, mkono mmoja wangu. Na miberoshi pia. Ishirini mkate, Ding ajenge, na mimi nitambebea nguzo. Ishirini ifuteni chokaa. Nitajenga hapo hapo ilipo, na roshani itatazama mto."

Baba Ding aliinua kichwa. "Ishirini inatosha," alisema, kwa sauti ya mtu anayejaribu kama bado anayo.

"Sikukuuliza wewe," alisema mkewe. Lakini alikuwa anamtazama Liangmei. "Na neno?"

"Sema tu, mwanangu," alisihi Mzee Ngau. Filimbi zilikuwa nyuma ya kona. Ukungu wenyewe ulitetemeka. "Nimekosa. Mdomo haupasuki. Hata mimi nimeshalisema, tena kwa mke wangu."

Liangmei aliokota ufagio kutoka chini. Akauweka tena mahali pake katika lango, akasimama nyuma yake, bega kwa bega na wifi yake, uso ukiangalia ngazi ambako wageni walikuwa wakitokea.

"Hapana, mzee," alisema. "Nimeomba radhi miaka kumi na moja katika nyumba ambayo sikukosa lolote. Nilikuwa nazo nyingi, nikazimaliza zote huko. Beti ile ni ya kwangu, niliiimba kwa sababu ni ya kwangu, na kosa langu lilikuwa pumzi tu, nalo nimelirekebisha. Shukrani wifi anazo. Miti anayo. Radhi siombi."